Ukuta wa Upande wa Msitu

Kanana alipofika kwangu mtaa wa Majimbo, hapa mjini Embu, hata kabla hajakalia kiti, aliniuliza kama bado nina mdomo ule ule. Nikamwambia meno yamekwisha lakini mdomo uko palepale. Alicheka mpaka mwanawe Mugambi akamshika kiwiko asije akaanguka, maana macho yake siku hizi hayaoni ila mwanga na kivuli. Mugambi naye si kijana. Nywele zimeingia mvi na ana kitambi cha mtu aliyestaafu salama. Walikuwa wametoka Kianjai alfajiri, nami nilikuwa nimewachemshia nduma na chai ya maziwa, kwa sababu Wameru nawajua, ukimpa mmoja wao chai ya rangi atakusema mpaka kaburini. Tulikunywa, tukadanganyana kwamba hatujazeeka, kisha Kanana akaweka kikombe chini akasema kilichomleta. Binti wa Mugambi, Makena, anafanya kazi na wale wanaouzungushia msitu wa mlima fensi ya umeme. Alikuwa amewasimulia nyumbani kwamba kuna mahali, juu ya kijiji chetu cha zamani, ambapo fensi imeachwa wazi kwa makusudi kwa kuwa ndovu hawataki kupita penginepo. Wameachiwa njia yao, wanashuka nayo hadi msitu mdogo wa chini na kurudi. Na njia hiyo, Makena alisema, inapita katika mtaro wa zamani, mahali ulipobomoka. "Nimemwambia Mugambi anipeleke," Kanana akasema, "na siendi bila wewe. Wewe ndiye utaniangalilia. Na tena wewe ndiye ulikuwa hutaki." Mugambi alinigeukia akitaka kujua ni kitu gani nilichokuwa sitaki. Nikamwambia ale nduma yake.

Wazee wakipewa nafasi ya kusimulia huanzia kwa babu wa babu. Mimi sina muda huo. Baba yangu na mama yangu walikuwa watu wema na inatosha. Ninaloweza kuwaambia ni habari za mwaka mmoja, wakati wa Imajensi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau msituni, tulipoondolewa kwenye migongo ya vilima vyetu huku Embu tukarundikwa katika kijiji kimoja chini ya msitu, nyumba zimepangwa kwa mistari, boma la miti limezunguka, na lango likifunguliwa kwa amri. Nilikuwa msichana sijaolewa. Niliwekwa nyumba moja na mwanamke nisiyemjua, Mmeru kutoka Kianjai aliyeolewa na fundi seremala wa kwetu. Mumewe alikuwa ametiwa kizuizini yeye akiwa na mimba, na mtoto alizaliwa hapo hapo kijijini. Huyo ndiye Kanana, na mtoto ndiye huyu Mugambi wa kitambi. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja, udongo wa kuta haujakauka, ukiegemea unatoka na mgongo mwekundu. Tulikuwa tumeweka kizuizi cha majani makavu ya mgomba katikati ili kila mmoja awe na kwake, lakini majani ya mgomba hayazuii sauti, kwa hiyo kila jioni nilimsikia akimnong'oneza mtoto kwa Kimeru. Lugha zetu zinaelewana ukitaka. Alikuwa akimwambia, "Nyonya baba. Nyonya kidogo tu, halafu sitakusumbua." Mtoto alikuwa akigeuza uso.

Chakula ndicho kilichotutawala kuliko askari wowote. Tulipewa saa moja kwa siku, alasiri, kwenda kwenye mashamba tuliyoyaacha na kuchimbua kitakachopatikana. Saa hiyo tuliiita "ya tumbo." Ungeona wanawake wanavyokimbia! Unashika kiazi kitamu, hukipangusi hata udongo, unatupa ndani ya kiondo, unakimbilia kingine, masikio yote yakisubiri filimbi. Tukirudi tunapika githeri yenye mahindi mengi na maharagwe ya kuhesabika, na siku mbaya tunapika thabai, yale majani yanayowasha mikono, tunayaponda na kiazi kimoja ili tujidanganye kwamba ni chakula. Kijiji kikikosea, hata mtu mmoja akikosea, lango halifunguliwi alasiri hiyo. Kwa hiyo nikisema tuliogopa kuikosa saa ya tumbo, mnielewe.

Mchana kutwa tulichimba mtaro. Serikali ilikuwa imeamua kukata msitu usikutane na watu, ili walioko porini wasipate chakula kwetu, na silaha yake kubwa ilikuwa migongo ya wanawake. Mtaro ulipita kando ya msitu, ukipanda na kushuka vilima mpaka macho yanachoka, na kina chake kilimzidi mtu mrefu mara mbili. Sasa udongo wa chini kabisa hauwezi kuurusha ukafika juu, kwa hiyo tulikuwa na namna yetu. Katika kuchimba tuliacha vidato ukutani, kama vya ngazi. Mmoja anachimba chini, wa pili amesimama kwenye kidato anapokea karai, wa tatu yuko juu anamwaga. Kipande kikikamilika, ofisa Mzungu alitaka vidato vikatwe vyote na ukuta ulainishwe, asiwepo kiumbe wa kuushika. Hiyo kazi ya mwisho tuliiita kunyoa. Ukuta ukishanyolewa, wanaume waliletwa kupanda miti iliyochongwa ncha huko chini, na hapo kipande kimekwisha, mnaanza kingine.

Kanana alichimba lakini moyo wake ulikataa, na si kwa uvivu. Kwao, alinieleza, watu wa zamani walichimba mashimo ya kutegea wanyama, na mwanamke anayenyonyesha hakuruhusiwa hata kushika mpini wa jembe la kuchimbia shimo hilo. Wakisema mwenye maziwa asitege, kwa maana mnyama mwenye maziwa akipoteza mwanawe hapo, maziwa ya aliyechimba yatafuata. Alimweleza Nthiga, askari wa homugadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali, aliyesimamia kipande chetu, ambaye alikuwa jirani yetu kabla ya hayo yote. Nthiga hakumcheka, lakini alimwambia, "Mama, mtaro si shimo la wanyama. Ni la watu." Kanana akamjibu, "Hilo ndilo linanitisha zaidi." Akapewa jembe. Na majuma machache baadaye maziwa yalianza kupungua na mtoto akaanza kugeuza uso. Mimi nilijua ni njaa. Mtu hawezi kutoa maziwa kwa thabai na kiazi kimoja. Lakini usiku na mchana aliliona shimo tu, na akawa na hakika kwamba Mugambi atakufa.

Mjue pia msitu wenyewe ulivyokuwa. Zamani ndovu walikuwa na safari zao: mvua ikishika walishuka kutoka mlimani, wakapita pembeni mwa mashamba yetu kwenda nchi kavu ya Mbeere, majani yakiisha huko wakarudi. Tuliwajua kama unavyomjua jirani mgomvi. Wanakula migomba yako, unapiga kelele, wanaondoka, mwaka ujao wanarudi. Mwaka ule ndege zilikuwa zikitupa mabomu msituni, nyumba zikitetemeka mpaka sufuria zinagongana, na wanyama wakawa hawana pa kukaa. Tuliona nyati wakitoka mchana kweupe. Tuliwaona ndovu wamesimama ukingoni mwa miti, ng'ambo ya mtaro, wananyoosha mikonga chini kunusa udongo mpya, kisha wanarudi nyuma bila kuelewa. Njia yao ilikuwa imekatwa. Bibi mmoja mwenzetu alisema mlima umefungwa kizuizini pamoja na sisi.

Asubuhi tunayoizungumzia tulisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kukwaruza, halafu nyingine nzito kutoka miti ya juu iliyotufanya wote tusimame. Ndani ya mtaro, katika kipande changu na Kanana, alikuwamo mtoto wa ndovu. Tulikuwa tumekinyoa upande wa kijiji jana yake, upande wa msitu bado. Miti ya ncha haikuwa imepandwa, ndiyo bahati yake. Alikuwa mwekundu mwili mzima kwa udongo, anaenda huku na huku akipapasa ukuta, na mama yake yuko juu, ng'ambo, anageuka geuka, na nyuma yake wengine wamejaa kwenye vivuli. Nthiga alitusogeza nyuma. Alisema ofisa anakuja saa za alasiri, atampiga risasi yule mdogo, na yule mkubwa pia akileta vita, na pengine tutagawiwa nyama. Nawaambia ukweli, niliposikia nyama, mate yalinijaa.

Kanana alikuwa amekaa chini kabisa, mtoto mgongoni. Alinivuta nguo. "Marigu, ni yeye. Ndiye niliyekuwa namngoja."

"Nani?"

"Huyo. Ameingia kwenye shimo langu. Akifia humo, na huyu wangu anakwenda."

Nilimwambia aache upuuzi. Akaniambia tuubomoe ukuta wa upande wa msitu kule kwenye kona, mbali na mama yake, udongo uanguke ndani uwe mteremko, halafu tumfukuze mtoto kwa kelele mpaka apande. Nikamuuliza kama anajua adhabu ya kuufungua mtaro. Anayefungua mtaro amewafungulia njia watu wa msituni, ndivyo tulivyoambiwa. "Na hata wakitusamehe," nikasema, "udongo huo nani atautoa tena kabla ofisa hajafika? Sisi. Wakati gani? Saa ya tumbo. Mama Mugambi, unataka tukose chakula ili mtoto wa ndovu aende kwao? Wako ale nini?" Nilisema kwa sauti, na wanawake wengine wakasikia. Ndiyo, ni mimi niliyekuwa sitaki, na mpaka leo sioni kama nilikosea kuuliza.

Hakunijibu kwa hasira. Alimfungua Mugambi mgongoni akanipa. Sikuwa nimewahi kumshika. Alikuwa mwepesi mno, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, na hakulia hata alipotolewa kwa mama yake. Mtoto ambaye halii ndiye wa kuogopwa. Nilisimama naye, na hasira yote ikanitoka, nikabaki na huzuni tupu. Nikamfunga mgongoni mwangu nikamwendea Nthiga.

"Baba Njeru," nikamwambia, "ofisa si alisema upande wa msitu unyolewe leo?"

"Alisema."

"Basi tunaanzia pale kwenye kona."

Nthiga alikitazama kichwa cha mtoto kilichochungulia begani mwangu, akautazama mtaro, akamtazama yule ndovu mkubwa. Aliyafahamu yote, hakuwa mjinga. Yeye pia alikuwa na cha kupoteza, bunduki na pengine shingo. "Mmenyoa kuta nyingi," akasema, "sijawahi kuona mnabomoa."

"Jembe likiwa butu, ukuta huporomoka. Huwezi kumlaumu mtu."

Akakohoa. "Mimi naenda kukagua upande wa mtoni. Ofisa akifika nataka ukuta umenyooka. Usiponyooka, sitawajua." Akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Wanawake waliteremka. Sikuwaomba, nilidhani tutakuwa wawili, tukawa karibu wote. Walivishambulia vidato vya upande wa msitu, wakachimba chini ya ukuta mpaka ukaanguka vipande vipande, wakausambaza udongo ukawa mlalo. Kanana alikuwa chini pale pembeni ya kona, jembe mkononi, haoni kitu isipokuwa ukuta. Mimi nilibaki juu na mtoto, kwa kuwa ndiye niliyeona pande zote. Ulipokuwa tayari, wenzetu waliobaki mwisho wa pili wa kipande wakaanza kupiga debe na sufuria, na yule mdogo akaja mbio kando ya ukuta, mama yake akimfuata kule juu ng'ambo, ardhi ikitikisika mpaka nikaisikia kwenye nyayo. Alifika kwenye mlalo akasimama. Akaweka mguu mmoja, udongo ukamporomokea.

"Anapanda?" Kanana aliita kutoka chini.

"Bado!"

Aliteleza akapiga magoti. Mama yake akashuka nusu ya mlalo, akanyoosha mkonga, akamgusa usoni, kisha akampitishia chini ya kidevu. Nilikuwa nalia na sikujua.

"Marigu, anapanda?"

"Anapanda," nikasema. "Anapanda, Mama Mugambi."

Walipotelea kwenye miti bila kutuangalia. Tulichukua majembe tukaanza kuutoa ule udongo. Filimbi ya saa ya tumbo ililia, wenzetu waliokuwa na vipande vingine wakakimbilia mashamba, na sisi wawili tukabaki. Ofisa alipokuja, ukuta ulikuwa umesimama, haukuwa mzuri, lakini ulisimama. Aliugonga kwa fimbo, akasema kitu ambacho Nthiga hakututafsiria, akapita.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu, na hapo ndipo mimi na Kanana tunapogombana mpaka leo. Kabla giza halijaingia mlango ulisukumwa, akaingia mwanamke mmoja akaweka viazi viwili sakafuni, akatoka. Akaja mwingine na gao la maharagwe. Mwingine na ndizi mbichi, mwingine na maziwa kidogo kwenye kibuyu ambayo mpaka leo sijui aliyapata wapi. Hakuna aliyekaa. Tulipika sufuria ikajaa, kwa mara ya kwanza tangu tuletwe pale, nikamlazimisha Kanana ale mpaka akaomba msamaha. Waliendelea kuleta siku zilizofuata, kila mmoja akipunguza chake. Halafu jioni moja, nikiwa upande wangu wa majani ya mgomba, nilisikia mtoto ananyonya, kwa fujo, kwa tamaa, na mama yake amenyamaza kabisa. Kanana husema ni yule ndovu. Mimi husema ni viazi. Tumebishana juu ya jambo hili kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye simu, mpaka watoto wetu wamechoka.

Baada ya hapo nchi ilipata uhuru, mumewe akarudi, wakahamia Kianjai, nami nikaja mjini nikashona nguo za watu miaka yangu yote. Msitu niliuona kwa mbali ukikatwa. Malori ya magogo yalipita mbele ya duka langu, moshi wa makaa ulikuwa hauishi kule juu, mto tuliokuwa tukiuogopa ukawa wa kuvuka bila kuvua viatu, na barafu ya kileleni ikapungua kila nilipoinua macho. Nilifikiri tuliyemwokoa aliokolewa bure. Niliwahi hata kumwambia Kanana hivyo, akakata simu. Ni juzi juzi tu nilipoanza kuona tofauti: vijana wakibeba miche kwenda juu, wakataji wakifukuzwa, ukijani ukirudi kwenye mabega ya mlima. Mto bado haujarudi kama ulivyokuwa, lakini umerudi.

Makena alitungoja ukingoni mwa msitu, msichana mrefu mwenye buti na kofia, akatuongoza polepole. "Cucu, shikeni mkono, kuna mizizi," akatuambia sisi bibi zake, nami nikamjibu kwamba mimi nilikuwa naruka mizizi hii kabla mama yake hajazaliwa, kisha nikajikwaa. Mtaro upo. Umejaa majani na miche, umepungua kina, lakini upo. Tulipofika kwenye kona nilisimama, kwa kuwa sikuhitaji kuambiwa. Ukuta wa kijiji bado umesimama wima, na ukuta wa msitu ni mlalo mpana, umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Makena alisema hapo udongo haukushika kamwe, kila masika uliporomoka, na ndovu wakauzoea. Na wao ndio walioubomoa upande wa pili hatua chache mbele, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ikatokea. Walioweka fensi waliikuta njia tayari, wakaiacha.

Kanana aliomba aguse kitu. Pale juu ya mlalo kuna mti ambao ndovu hujisugua wakipita. Nikaupeleka mkono wake kwenye gome. Kulikuwa na matope, juu zaidi ya vichwa vyetu. Aliyafuata kwa vidole kadiri alivyofika, akayabonyeza, akanigeuzia uso wake. "Ni mabichi, Marigu."

"Ni mabichi."

"Na bado utasema ni viazi?"

Nilimwambia nitasema ni viazi, na ndovu pia, basi, ameshinda. Alinikumbatia, mikono yake ikanipaka matope shingoni. Huku nyuma Mugambi alikuwa ameteremka ndani ya mtaro peke yake. Alikuwa amesimama chini kabisa, ameweka kiganja kwenye ukuta wa kijiji, anautazama ulivyopanda. Kisha akajipangusa macho, akageuka, akaanza kuuparamia ule mlalo, taratibu, mikono magotini, akihema. Kanana alisikia kokoto zikiteleza chini ya viatu vyake. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Anapanda?"

"Anapanda," nikamwambia. "Anapanda, Mama Mugambi."